CHUMVI NA MAJI: JOTO HUENDA WAPI?

Msafiri atokaye Malindi kwenda Garsen, akiisha kuvuka mto Sabaki na kuipita Mambrui, hufika Gongoni, na hapo huanza kuona upande wa baharini nchi tambarare iliyokatwakatwa mabwawa. Kando ya mabwawa hayo vimesimama vilima vyeupe vinavyometameta juani. Vilima hivyo ni chumvi. Toka Ngomeni hadi Marereni na kuendelea kaskazini, maji ya bahari huingizwa mabwawani, hukaushwa kwa jua na upepo, na kile kinachobaki hukusanywa, huoshwa, hutiwa madini joto na kupelekwa madukani.

Kazi hiyo huchukua majuma mengi. Lakini mtoto mdogo aweza kutia kijiko cha chumvi katika bilauri ya maji, akakoroga, na kabla hajahesabu mia moja chumvi imetoweka. Kwa nini kuingia majini kuwe rahisi hivyo, na kutoka kuwe na gharama kubwa? Jibu limo katika hesabu ya joto. Hesabu hiyo hupimika, tena kwa vyombo ambavyo shule yoyote yaweza kuvipata. Na ndiyo inayoeleza kwa nini kisima kilichoingiwa na chumvi ni hasara isiyoondoka kwa upesi.

KUYEYUKA KWA NAMNA MBILI

Yafaa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo lugha yetu huyaita kwa neno moja. Barafu iliyoachwa juani huyeyuka, na chumvi iliyotiwa majini huyeyuka. Barafu huyeyuka kwa sababu ya joto tu, wala haihitaji kitu kingine. Chumvi nayo, kama ingetakiwa kuyeyuka kwa joto peke yake, ingepaswa kutiwa katika tanuri la digrii 801 za sentigredi, moto mkali mno. Lakini katika maji ya mtungi, yaliyo baridi kabisa, huyeyuka bila moto wowote. Basi maji yanafanya kazi ambayo moto mkali ungetakiwa kuifanya. Wataalamu wa kemia walitaka kujua kazi hiyo hulipwa na nani.

KUPIMA KWA CHUPA YA CHAI

Chombo cha kupimia joto la namna hii huitwa kalorimita. Jina ni kubwa, lakini chombo chenyewe ni kikombe kisichopitisha joto, kipima-joto na kitu cha kukorogea. Chupa ya chai, ile iwekayo chai moto tangu alfajiri hadi adhuhuri, yatosha sana, kwa maana chupa izuiayo joto lisitoke huzuia vile vile joto la nje lisiingie.

Hupimwa gramu 200 za maji na gramu 20 za chumvi safi ya mezani iliyo kavu. Vyote viwili sharti vikae pamoja chumbani usiku kucha ili viwe na joto moja. Wengi hukosea hapo, wakatumia maji ya mtungini na chumvi iliyokuwa karibu na jiko, kisha wakastaajabia jibu lao. Asubuhi maji hutiwa chupani, kipima-joto husomwa, chumvi hutiwa yote kwa mara moja na kukorogwa mpaka iishe. Kisha kipima-joto husomwa tena.

Watu wengi hudhani ya kuwa hakuna kitakachobadilika. Lakini zebaki, au spiriti nyekundu, hushuka. Haishuki sana: digrii moja na kidogo, tuseme 1.3. Maji yamepoa ingawa hakuna kitu baridi kilichotiwa.

Hesabu yake ni hii. Maji na chumvi kwa pamoja ni gramu 220. Kila gramu ya maji hayo ya chumvi hutaka juli 3.7 hivi ili ipande digrii moja. Juli ni kipimo cha nguvu, na kupasha lita moja ya maji matamu kwa digrii moja huhitaji juli 4,200, yaani kilojuli 4.2. Basi 220 mara 3.7 mara 1.3 ni juli 1,060 hivi zilizopotea. Zimepotea kwa ajili ya gramu 20 za chumvi. Wanakemia hupenda kuhesabu kwa fungu liitwalo moli, ambalo kwa chumvi ya kawaida ni gramu 58.4, kwa hiyo moli moja ingekula kilojuli 3 na kidogo. Wataalamu wanaotumia maji mengi sana kwa chumvi kidogo hupata kilojuli 3.9. Kwa chupa ya chai, jibu hilo si baya.

Chumvi nyingine hazina upole huo. Shura ikitiwa majini kwa kipimo hicho hicho, hushusha joto kwa digrii 7 au 8. Jambo hili lilijulikana zamani: Abu'l-Fazl, mwandishi wa Sultani Akbar wa Bara Hindi, katika kitabu chake Ain-i-Akbari cha mwisho wa karne ya 16, ameeleza jinsi maji ya kunywa ya jumba la mfalme yalivyopozwa kwa shura. Chombo cha maji ya kunywa kilizungushwa ndani ya maji yenye shura, na shura yenyewe haikuguswa na mnywaji. Mkulima atumiaye mbolea ya urea, ambayo kwa haki si chumvi, aweza kuona jambo lilo hilo akiichanganya katika ndoo: mkono huhisi baridi ghafula.

Ziko pia zinazokwenda kinyume. Kostiki soda, ambayo watu wengi huinunua kwa kutengeneza sabuni nyumbani, hutoa joto badala ya kulimeza. Gramu 20 tu katika maji gramu 200 huyapandisha kwa zaidi ya digrii 20, na ikiwa soda ni nyingi na maji ni machache yaweza kuchemka na kuruka usoni. Ndiyo sababu mafundi wa sabuni husisitiza ya kuwa soda itiwe kidogo kidogo ndani ya maji, wala maji yasimwagwe kamwe juu ya soda. Si desturi tu. Ni hesabu ya joto, na macho ya watu yako hatarini.

DENI NA MALIPO

Joto lililotoweka katika chupa limekwenda wapi? Punje ya chumvi imejengwa kwa chembe ndogo mno zilizopangwa kwa safu kama matofali. Nusu yake ni za sodiamu na nusu ni za klorini. Moja ina umeme wa namna hii na jirani yake ana umeme wa namna ya pili, nazo huvutana kwa nguvu nyingi. Kuzitenganisha chembe za moli moja ya chumvi, zisivutane tena kabisa, kunagharimu kilojuli 787. Hilo ndilo deni.

Malipo hutoka kwa maji. Chembe ya maji nayo ina upande mmoja wenye umeme wa namna moja na upande wa pili wenye umeme wa namna nyingine. Basi maji huizunguka kila chembe ya chumvi pande zote, kama watu wamzungukavyo mgeni aliyeshuka jahazini, na katika kushikamana huko nguvu hutolewa. Nguvu hiyo ni kilojuli 783 hivi. Toa 783 katika 787, na tofauti ni 4, karibu sana na 3.9 zile zilizopimwa. Maji huyatoa mfukoni mwake hayo machache yaliyopungua, yaani hutoa joto lake mwenyewe, na ndipo yakapoa. Katika shura malipo hupungukiwa zaidi, na maji hupoa zaidi. Katika kostiki soda malipo huzidi deni, na ziada hutoka kama moto.

Germain Hess, aliyezaliwa Geneva na kufanya kazi huko St. Petersburg katika Urusi, ndiye aliyethibitisha mwaka 1840 ya kuwa hesabu hizi zaweza kujumlishwa na kutolewa: jumla ya joto ni ile ile, njia iwe moja au ziwe kumi. Bila ya kanuni yake hakuna mtu ambaye angeijua ile 787, kwa kuwa hakuna chupa iwezayo kuipima moja kwa moja.

Lakini msomaji makini atauliza: ikiwa chumvi huyeyuka kwa hasara, kwa nini huyeyuka? Mfanyabiashara apataye 783 kwa bidhaa ya 787 angefunga duka. Hapo ndipo panapoingia jambo la pili, ambalo halionekani katika kipima-joto. Chembe zilizopangwa safu safu zina namna moja tu ya kukaa. Chembe zilizotawanyika majini zina namna nyingi zisizohesabika. Vitu vikiachwa huru huelekea kwenye mtawanyiko, kama moshi wa udi utokavyo katika chetezo ukajaa nyumba nzima, wala haurudi chetezoni. Wataalamu huuita mtawanyiko huo entropia, nao pia una kipimo. Kwa moli moja ya chumvi katika joto la digrii 25, faida ya mtawanyiko ni sawa na kilojuli 12.9. Hasara ya joto ni 3.9. Faida halisi inayobaki ni 9, nayo ndiyo inayoivuta chumvi majini bila ya kulazimishwa na mtu.

Maana yake ni hii: anayetaka kuirudisha chumvi katika punje hana budi kuushinda huo mtawanyiko.

JUA LA GONGONI

Kwa shura njia ni nyepesi. Maji gramu 100 yenye joto la digrii 60 huweza kubeba gramu 110 za shura. Yakipoa hadi digrii 20 hubeba gramu 32 tu, na iliyozidi hushuka chini kama fuwele ndefu. Kila kitu kinachomeza joto kwa wingi kinapoyeyuka hubadilika hivyo: maji yakiwa moto huingia kingi, yakipoa hutoka. Jacobus Henricus van 't Hoff, Mdachi aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya kemia mwaka 1901, ndiye aliyeonyesha jinsi ya kuyatoa mahesabu ya joto katika vipimo vya namna hii, bila kalorimita. Mwanafunzi huhitaji tu kujua ni kiasi gani kimeyeyuka katika kila daraja ya joto.

Chumvi ya chakula, kwa kuwa humeza joto kidogo mno, haibadiliki. Maji gramu 100 yaliyo baridi kama barafu hubeba gramu 35.7 zake, na yanayochemka hubeba 39. Basi kuyapasha maji ya bahari na kuyapoza hakuleti chochote. Njia iliyobaki ni moja: kuyaondoa maji yenyewe. Na kuondoa maji ni ghali. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hula kilojuli 2,400 hivi.

Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 za chumvi za kila namna, na katika hizo chumvi ya chakula ni 27 hivi. Basi kilo moja ya chumvi hutaka lita 37 za bahari, hata kama isipotee punje. Mtu akitaka kuzichemsha mekoni, kuzipasha na kuzigeuza mvuke kutahitaji kilojuli 90,000 na zaidi. Kilo moja ya kuni kavu ina kilojuli 16,000, lakini katika mafiga matatu sehemu kubwa ya joto hupotea hewani. Ikiwa sehemu moja katika sita ndiyo ifikayo kwenye sufuria, zatakiwa kuni kilo 34 kwa kilo moja ya chumvi. Huko Uvinza, karibu na Kigoma, watu walichemsha chumvi kwa kuni kwa karne nyingi, lakini wao walikuwa na chemchemi ambazo maji yake yana chumvi nyingi kuliko bahari. Anayechemsha bahari yenyewe atamaliza msitu kabla ya kujaza gunia chache.

Jua halidai kuni. Katika siku kavu za kaskazi, tuseme bwawa limepungua kwa milimita 5. Kwa ekari moja hizo ni lita 20,000. Nguvu iliyotumika ni sawa na tani 3 za kuni zilizoungua pasipo kupotea hata cheche. Ndiyo sababu nchi ile tambarare ya kaskazini ya Malindi, yenye udongo mzito, jua kali na bahari ya karibu, ikafaa kwa kazi hiyo.

Kazi haifanywi katika bwawa moja. Maji huhamishwa kutoka bwawa hadi bwawa kadiri yanavyozidi kuwa mazito, na uzito wake hupimwa kwa kigae cha kioo kinachoelea, chenye vipimo vya Antoine Baumé, mwanakemia wa Ufaransa wa karne ya 18. Sababu ya kuhamisha ilielezwa na Mwitaliano Giuseppe Usiglio mwaka 1849, alipoyakausha maji ya Bahari ya Kati na kuandika kila kilichoanguka. Kwanza huanguka chokaa, kisha jasi maji yakibaki kama sehemu moja katika tano, na chumvi ya chakula huanza tu yakibaki sehemu moja katika kumi. Fundi huyaacha chokaa na jasi katika mabwawa ya mwanzo, na huyafikisha maji safi katika bwawa la mwisho. Hapo napo haachi yakauke kabisa. Maji ya mwisho ni machungu kwa sababu ya chumvi za magnesiamu, nazo zikichanganyika na chumvi ya chakula huvuta unyevu wa hewa. Mwenye nyumba aliyenunua chumvi isiyooshwa vizuri hulijua jambo hilo wakati wa masika, akuta chumvi yake imelowa ndani ya mkebe ingawa hakuna aliyemwaga maji.

Masika yenyewe ndiyo adui mkubwa. Milimita 10 za mvua katika kila mita mraba ni lita 10 za maji matamu, na lita 10 huweza kuyeyusha kilo 3.6 za chumvi. Jua lililipa kwa siku nyingi; mvua hurudisha kila kitu kwa saa moja, bila kudai joto la maana, kwa kuwa mtawanyiko uko upande wake.

VISIMA

Linalotendeka katika bwawa hutendeka pia chini ya ardhi, na huko si hasara ya kiwanda tu. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadhara juu ya utengenezaji wa chumvi katika iliyokuwa Wilaya ya Malindi, na mwaka 2006 ikatoa ripoti yake. Wenyeji walileta malalamiko yao juu ya ardhi, hali ya kazi na mazingira, na miongoni mwake ni visima na mashamba yaliyoingiwa na maji ya chumvi. Pwani kote hatari hii ipo hata pasipo mabwawa: maji matamu chini ya ardhi hukaa juu ya maji mazito ya bahari, na kisima kikivutwa kupita kiasi, maji ya chini hupanda.

Kinachotakiwa ili kuharibu maji ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Lita moja ya bahari ikiingia katika debe la lita 20 za maji matamu, kila lita itakuwa na gramu 1.7 za chumvi. Shirika la Afya Duniani laeleza ya kuwa maji yenye zaidi ya gramu moja ya chumvi mbalimbali kwa lita huzidi kuwa mabaya kwa mnywaji. Na hapo dawa za nyumbani hazifai kitu. Kuyachemsha maji huua vijidudu, na ni vema yachemshwe, lakini chumvi haitoki. Tena huongezeka ukali, kwa sababu maji hupungua na chumvi hubaki. Kuyachuja kwa kitambaa hushika tope, si chumvi iliyoyeyuka. Shabu hutuliza tope, lakini chumvi huiacha pale pale.

Kuyatenganisha kunawezekana, ila bei yake imewekwa na ile faida ya mtawanyiko ambayo sharti irudishwe. Kwa maji ya bahari, hata mashine isiyo na upungufu wowote haiwezi kutumia chini ya uniti moja hivi ya umeme kwa kila lita 1,000. Mashine zilizopo, zinazoyasukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba, hutumia uniti 3 hadi 4. Kuyachemsha yote na kuukusanya mvuke, pasipo kulitumia tena joto lake, kungehitaji uniti 700. Maji ya kisima yaliyoingiwa na chumvi kidogo hugharimu pungufu ya yale ya bahari, kwa kuwa chumvi yake ni chache. Lakini si bure, na mwenye kisima alikuwa akiyateka bure.